Msikilizaji wa Kiti cha Nyuma

Tabata, Dar es Salaam
Jumapili, 13 Agosti 2023

Kwa Baba yangu mpendwa, Mwalimu Zabroni,
Chiwata, Masasi.

Shikamoo Baba. Mfikishie Mama shikamoo yake pia, na umwambie safari hii nimeandika kwa herufi kubwa ili asilazimike kuazima miwani yako.

Ni matumaini yangu kwamba barua hii inawakuta wazima, magoti ya Mama yamepoa, na wewe hujarudia ile tabia ya kupuliza salfa kwenye mikorosho bila kufunga kitambaa puani. Dada Ethel ameniambia mikorosho ya bondeni imetoa maua mengi mwaka huu, na kwamba ile mitatu ya mbele ya nyumba imegoma kama kawaida yake. Sisi huku hatujambo. Loveness na watoto wanawasalimu sana. Mdogo ameota meno mawili na anamng'ata kila anayembeba, hata mchungaji.

Najua utashangaa kuona Ethel amekuletea bahasha wakati simu zipo. Kesho alfajiri nitamkabidhi kondakta wa basi la Masasi, na Ethel ameahidi kuipokea stendi jioni, kisha Jumanne asubuhi aipandishe Chiwata kwa bodaboda kabla hajaingia kazini. Kwenye simu huwa unanijibu "ndiyo, ndiyo" kwa kila kitu, hata siku ile nilipokuuliza kama mbuzi wameuzwa au wamekufa. Na hili nililonalo siwezi kulipigia kelele kwenye simu huku majirani wakisikia.

Ethel ameniambia umekata tiketi ya Alhamisi. Ameniambia na sababu, kwamba suti ya kijivu imeshapigwa pasi, na kwamba unakuja hadi ofisini kwa wale watu wa gazeti kumtaka mhariri akuonyeshe kwa macho yako huyo anayejiita Msikilizaji wa Kiti cha Nyuma. Baba, nakuomba kitu kimoja. Kabla hujapanda basi, isome barua hii mpaka mwisho. Ukimaliza ukaona bado unataka kuja, njoo. Nitakupokea Mbagala mimi mwenyewe.

Mengi ya mwanzo unayajua, lakini kuna kipande cha katikati hukijui, na sitaki ukisikie kikiwa peke yake.

Solfa nilijifunza kwako hata kabla sijaweza kusoma vizuri. Kinanda cha kanisani nilianza kukikanyaga miguu ikiwa bado haifiki, Cecil akinishika kiuno nisianguke. Mpaka leo nikifundisha wanafunzi wangu, huwa nawaambia kwamba kaka yangu ndiye aliyekuwa benchi langu la kwanza. Nilipopelekwa Ujerumani ile miaka miwili, nilikaa kwenye vyumba vya baridi na watu walioweza kubishana saa nzima kuhusu nota moja ya selo, ile fidla nene ya sauti ya chini. Huko nilijifunza kuandikia okestra. Nilijifunza pia jambo la pili ambalo sikuwahi kukuambia, kwamba wenzetu wale onyesho likiisha husubiri gazeti la kesho yake, wajue mtu aliyesikiliza kwa makini amesema nini.

Niliporudi nikapata kazi ya kufundisha nadharia ya muziki hapa mjini, na tungo zangu zikaanza kupigwa, leo mbele ya watu arobaini, mwezi mwingine mbele ya mia. Kesho yake magazeti yaliandika nani alihudhuria na alivaa nini. Kuhusu muziki wenyewe waliandika kwamba ulikuwa wa kusisimua. Kwaya ikiimba ikashuka nusu sauti, ilikuwa ya kusisimua. Mpiga violini akiwatoa watu wazima machozi, naye alikuwa wa kusisimua. Ulikuwa huwezi kujua kama umefanya kazi au umepoteza muda wa watu.

Ndiyo maana safu ya Msikilizaji wa Kiti cha Nyuma ilipoanza, miaka sita iliyopita, watu wa muziki waliigombania kila Ijumaa. Hakuna aliyejua ni nani. Alikaa mstari wa mwisho, akaandika kwa Kiswahili cha kueleweka kipi kimeshika na kipi kimelegea. Kwaya moja kubwa aliiambia inaimba kama watu wanaosubiri mkutano uishe wagawiwe soda. Binti mmoja mpiga selo, wa miaka kumi na tisa, asiyejulikana na mtu, alimwandikia ukurasa mzima wa sifa, na mwaka uliofuata binti yule akapata nafasi ya kusoma nje. Wapo waliomchukia, lakini sikuwahi kusikia mtu akisema anapendelea.

Machi mwaka jana okestra ikapiga kazi yangu kubwa kuliko zote, ile Mapambazuko ya Kusini. Dakika ishirini na mbili, watu mia nne ukumbini, balozi mstari wa mbele. Ilipokwisha walisimama wote. Nilipeana mikono mpaka kiganja kikafa ganzi. Mama aliniambia alilia mliposikiliza kwenye simu ya Ethel, na kwamba wewe uliinamisha kichwa muda wote, ukiwa umeibana simu sikioni.

Kisha ikaja ile Ijumaa. Makala yenyewe unayo, na Ethel anasema imechakaa kwenye mikunjo kwa kusomwa. Ilisema kwamba mtunzi anajua kila kitu kuhusu okestra isipokuwa kwa nini ameiita. Ilisema tumepewa dakika ishirini na mbili za adabu njema, na ngoma imeingizwa dakika ya tisa kama mgeni aliyekumbukwa watu wameshanawa mikono. Halafu lile lililokuumiza zaidi, kwamba hayo ni mapambazuko ya Kusini yaliyotazamwa kutoka dirisha la hoteli. Hakuna anayekohoa, hakuna anayewasha moto, hakuna anayemwita mtoto. Mtu aliyezaliwa huko, iliandika, anajua kwamba alfajiri ina watu.

Ethel alinisimulia ulivyoondoka na gazeti lile mpaka Lisekese kumsomea rafiki yako Mwalimu Nikolao, na jinsi Mwalimu Nikolao, badala ya kukasirika nawe, alivyoomba usome tena kile kipande cha mgeni na kunawa mikono, akacheka, na mkanuniana wiki tatu. Umoja wa Mama wa kanisani nao wakamwingiza Msikilizaji kwenye maombi ya Jumatano. Kwa kuwa hana jina walimtaja kama yule ndugu wa gazetini mwenye moyo mgumu. Mama aliniambia waliomba kwa zamu mwezi mzima.

Baba, zile barua tatu ulizomwandikia Msikilizaji zimenifikia. Usimlaumu Ethel, yeye aliziposti tu kama ulivyomtuma. Zimenifikiaje nitakueleza. Kwanza niseme zilichonifanya.

Ile ya kwanza waliichapa, ingawa waliikata ikabaki aya mbili. Ulimwambia wewe ni mwalimu mstaafu, umefundisha kwaya miaka thelathini na moja, na unamshauri aoshe masikio. Nilicheka peke yangu kama mwehu. Ya pili haikuchapwa, kwa sababu ilikuwa na kurasa tisa. Humo ulimweleza, kwa uvumilivu ule wa kumfundisha mtoto mzito, kila kitu kilichomo ndani ya Mapambazuko. Ukamwambia asikilize vizuri pale wanawake wanaposhuka kufuata maji wakiitana kutoka mlima hadi mlima, na sauti zao zimekuwa nene kwa sababu ya baridi. Ukamwambia kuna mahali mzee anakohoa akijiandaa kutoka nje. Kuna kinu kinachoanza nyumba moja na kingine kinajibu nyumba ya pili, haviendi sawa, halafu pole pole vinaelewana bila mtu kuamua. Kuna mahali, uliandika, watu wanaimba bila kujua kuwa wanaimba.

Hakuna hata kimoja cha hivyo mle ndani. Nilizipitia nota zangu ukurasa baada ya ukurasa nikivitafuta. Ulikuwa unanitetea kwa kutaja vitu ambavyo sikuviweka.

Nilipofika ukurasa wa saba wa barua yako ndipo nilipoelewa. Ulimwandikia hivi: "Siku hizi sauti za juu hazinifikii tena. Nasikia za chini tu. Lakini mwanangu namjua, kwa hiyo zilizobaki nimezijaza mwenyewe." Hukuwahi kutuambia, Baba. Tulidhani huitikii kwa sababu ya ubishi wa uzee. Mama alikuwa analalamika kwamba unamnunia akikuita kutoka jikoni. Jambo ambalo hukutuambia sisi mkeo na wanao, ulimwambia adui yako ukiwa katikati ya kumgombeza.

Katika barua hiyohiyo ulitaja Mkunya. Ulisema ulipokuwa mwalimu kijana kule Newala uliwatungia watoto wimbo wa kubebea maji, ukauacha hukohuko ulipohamishwa. Sikuwahi kuusikia wimbo huo. Sikuwahi hata kujua kwamba kuna wimbo wako nisioujua.

Oktoba mwaka jana niliwaambia nakwenda Newala kuendesha semina ya walimu. Semina ilikuwepo kweli, ila ilikuwa ya siku tatu. Siku nyingine zote, wiki tatu nzima, nilikuwa Mkunya. Nilikaa kwa mzee mmoja anayeitwa Mudathiri. Yawezekana humkumbuki, alikuwa darasa la nne mwaka 1974. Aliponiuliza mimi ni mtoto wa nani nikataja jina lako, aliweka chini debe la korosho, akasimama wima mikono ikiwa ubavuni kama mtoto wa shule, akaniambia, "Basi nisikilize." Akaanza kuimba. Aliimba sauti ya pili, peke yake, kuanzia mwanzo hadi mwisho.

Nikamwuliza ya kwanza inakwendaje. Akasema ya kwanza haijui, hakupewa. Mwalimu aliwagawa makundi mawili njiani. Wa mbele na ndoo zao waliimba ya kwanza, wa nyuma waliimba ya pili, ili kundi la mbele lisiende mbali mpaka lisisikike. Yeye alikuwa wa nyuma. Waliotangulia, alisema, wengi wao wametangulia kweli. Tulizunguka siku nne tukiwatafuta waliobaki. Tulipata bibi mmoja aliyekumbuka maneno bila sauti, na mwingine aliyetuimbia wimbo wa chama akidhani ndio huo.

Kwa hiyo Mudathiri ana karibu miaka hamsini anapalilia na kuokota korosho akiimba sauti ya pili ya wimbo ambao ya kwanza haipo, wala haoni kama anaimba nusu. Mkewe anaujua hivyo hivyo. Wajukuu wanaujua hivyo hivyo. Nilimwambia kwamba mwalimu wake bado yu hai na bado ni mkali. Akafurahi sana, akauliza kama bado unapiga rula mezani watu wakichelewa kuingia.

Sikurekodi kitu. Niliokota naye korosho, nikala ming'oko iliyochimbwa porini, nikapanga foleni ya maji na madumu kama watu wengine. Alfajiri nilikuwa natoka nje na kukaa kwenye kigoda, nikisikiliza kama ulivyomwagiza yule wa gazetini asikilize. Mzee alikohoa. Vinu vilikuwa vimebaki viwili tu, lakini vilijibizana. Siku ya tano au ya sita nilianza kuandika, na mkono haukunisumbua.

Kazi hiyo imekamilika tangu Mei na inaitwa Sauti ya Pili. Ni ya selo nne, mabesi mawili ya nyuzi, wanaume kumi na wawili na wanawake wanane wa sauti ya chini. Hakuna violini hata moja, Baba, wala filimbi. Nota ya juu kabisa ni ile unayoweza kuifikia wewe ukiwa na mafua. Inaanza sauti ya pili peke yake, na inatembea muda mrefu bila kuwa na wa kuifuata. Ya kwanza nimeitunga mimi, inaingia karibu na mwisho. Nilimwimbia Mudathiri nikiogopa kuliko nilivyoogopa mbele ya maprofesa. Akafikiri kwanza, akasema, "Siyo yenyewe. Ila inatembea nayo vizuri." Miaka ishirini niko kwenye kazi hii na sijapata neno lililonitosha kama hilo.

Sasa nimefika mahali ambapo tangu mwanzo wa barua hii nimekuwa nikipazunguka. Nimeinuka mara mbili kwenda kunywa maji.

Msikilizaji wa Kiti cha Nyuma ni mimi.

Ni mimi tangu makala ya kwanza, miaka sita iliyopita. Mhariri aliyenipa safu ile alikuwa peke yake anayejua, naye alistaafu. Aliyemfuata, dada mmoja anaitwa Wema, alikuwa anapokea makala kwa kompyuta bila kujua zinatoka kwa nani. Mapambazuko yalipotangazwa aliniandikia, akimwandikia Msikilizaji, kwamba onyesho kubwa la mwaka haliwezi kupita bila neno lake. Ningeweza kusema nimeugua. Asubuhi baada ya onyesho nilikaa mezani na kanda ya kurekodiwa, nikakusudia kuandika kitu cha wastani, kisicho na chumvi wala sukari. Nikasikiliza mara ya kwanza. Nikasikiliza mara ya pili kama vile niko kiti cha nyuma na simjui mtunzi. Nilikuwa nimewaambia wengine ukweli miaka mitano, watu wenye mama zao na baba zao, na sasa zamu ilikuwa yangu. Nilichoandika ndicho nilichokisikia. Nilijua tangu nikiwa naitunga, Baba. Nilikuwa natunga nikimfikiria balozi.

Makala ile siijutii. Ninachokijutia ni kilichofuata, na hicho ndicho ninachokuungamia.

Barua yako ya kwanza ilipofika gazetini, Wema alimtumia Msikilizaji nakala yake kwa kompyuta ili aijibu. Hivyo ndivyo zilivyonifikia zote. Nilipaswa kumpigia Ethel simu siku ileile, aje akuandikie kwenye karatasi ukweli wote. Sikufanya hivyo. Nilikaa kimya mwaka mmoja na miezi minne, nikawaacha akina mama wakinipigia magoti Jumatano, nikakuacha ukinuniana na rafiki yako. Na sababu si woga, ingawa ningependa iwe woga.

Nilipokuwa darasa la sita nilikuletea wimbo wangu wa kwanza wa sauti nne, kwenye karatasi iliyochanwa kutoka daftari la hesabu. Ulizungushia duara jekundu sehemu mbili ambako sauti za besi na tena zilikuwa zimekanyagana, ukaandika saba juu ya kumi, ukanirudishia. Ndivyo ulivyokuwa na kila mtu, na silalamiki. Masikio niliyonayo ni ya duara zile nyekundu. Lakini tangu siku ile mpaka nafikisha miaka arobaini na tatu, hujawahi kuniambia kwamba kitu nilichotunga ni kizuri. Mara ya kwanza nimekuona ukisema hivyo ni kwenye barua uliyomwandikia mtu mwingine. Kurasa tisa. Uliandika kwamba mwanao anasikia kama wazee walivyosikia. Uliandika kwamba ukiwa unakanyaga kinanda siku hizi unapiga vipande vyangu, watu wakitoka kanisani, bila kuwaambia ni vya nani.

Nilinyamaza kwa sababu nilitaka barua nyingine. Nilijua ukishajua, zitakoma.

Ya tatu ilipokuja, Februari, ilikuwa nusu ukurasa. Hukumtukana. Ulimwuliza tu kama ana baba, na kama anaye, alimfundisha nini. Nimeibeba nakala yake niliyoichapa kwenye mkoba wangu miezi sita nikishindwa kuijibu, na hata wakati huo, nakiri, nilikuwa bado nasubiri ya nne. Badala ya barua, umekata tiketi.

Nisamehe, Baba. Na unisaidie kumwomba Mama naye anisamehe, maana magoti yake yale mabovu aliyapiga kwa ajili ya mtu aliyekuwa anajificha.

Alhamisi iliyopita, Ethel aliponiambia habari ya safari yako, sikusubiri kesho. Nilikwenda mwenyewe gazetini nikamweleza Wema kila kitu. Alikasirika, na alikuwa na haki. Alisema nimewachezea wasomaji, kwamba ukweli ulioandikwa kwa kujificha una kasoro yake hata kama kila neno ni sahihi, na kwamba kuanzia siku ile sina safu. Nimekubali. Ijumaa hii watachapa maelezo yangu ya kuomba radhi kwa jina langu kamili. Ndiyo maana nimekimbiza barua hii. Sikutaka uyasome kwenye gazeti, au uyasikie ukiwa umesimama pale ofisini na suti yako ya kijivu mbele ya vijana wa mapokezi.

Kuhusu Umoja wa Mama, nakuomba usiwaambie wewe. Nitakuja Jumapili ya tarehe 3 Septemba, nisimame mwenyewe baada ya ibada na kuwaeleza. Aibu hiyo ni yangu na nitaibeba mbele yao. Kwa Mwalimu Nikolao, hata hivyo, ningekushukuru ungetangulia. Mwambie alikuwa sahihi kucheka.

Sauti ya Pili itaimbwa Newala, Jumamosi tarehe 7 Oktoba, saa nane mchana. Waimbaji wanatoka Masasi, Newala na Mkunya, wa kanisani na wa msikitini, na mazoezi wanafanya tangu Juni. Wapiga selo na mabesi wanatoka huku Dar, nitakuja nao mwenyewe. Mudathiri anaimba mstari wa mbele. Amekataa kukaa nyuma safari hii, anasema alikaa huko vya kutosha. Nimewaomba wakuwekee kiti karibu kabisa na mabesi, ambapo hata sakafu inatikisika. Kama hutaki kuniona siku hiyo, nitaelewa, na kiti kitabaki pale.

Kabla sijaondoka ofisini kwa Wema alifungua droo akatoa barua zako tatu, zile halisi za mkono. Alikuwa amezitunza zote. Aliniambia katika miaka yake gazetini hakuna aliyewahi kumwandikia hivyo kuhusu muziki, na kwamba ile ya kurasa tisa huwasomea waandishi wapya wakianza kazi. Kisha akasema onyesho la Newala lazima liandikwe na mtu, na mtu huyo hawezi kuwa mimi. Anamtaka yule mzee wa Chiwata. Nilimkumbusha kwamba yule mzee ni baba wa mtunzi. Akasema ataweka hilo mstari wa kwanza kabisa, wasomaji wajue, maana kufichana kumekwisha. Anataka maneno mia nane, naye ameahidi kutokukata hata moja.

Nimemwambia nitakufikishia ombi lake na siwezi kukujibia. Ukikubali, mimi sitaisoma kabla haijachapwa. Nitainunua barabarani Ijumaa itakapotoka, kama mtu yeyote. Ukisikia imeshika, andika imeshika. Ukisikia imelegea, andika ni wapi.

Msalimie sana Mama, na Cecil na wote wa nyumbani kwake. Mwambie Ethel asiisome barua hii njiani, ingawa najua ameshaisoma. Mungu awalinde wote hapo nyumbani na mikorosho yenu.

Ni mimi mwanao,

Chrispin Zabroni